Maji Niliyoyasafisha

Kazi ya kupokea ndege nilijifunza kwa video za simu. Hoteli yetu, kaskazini ya Bagamoyo, ilikuwa na ndege ndogo yenye tumbo kama la boti, inayotua majini, na mimi ndiye niliyeandaa njia yake: kuondoa magogo, nyavu, chochote kinachoelea. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango, narudi mara tatu kuujaribu.

Siku ile bahari ilikuwa imelala, haina hata kikunjo. Nikaondoa magogo, nikaona bado. Nikawaomba wanawake wanaolima mwani wasogeze hata maboya yao ya pembeni. Mmoja akanitazama.

“Binti yangu, na chumvi je, utaitoa?”

Tukacheka, wakayasogeza. Nikamwambia rubani kwa redio kwamba maji ni safi na shwari.

Alikuwa peke yake. Alishuka vizuri, kisha akaendelea kushuka kana kwamba maji bado yako mbali. Pua ikaingia kwanza, ndege ikapinduka. Tulipofika kwa boti alikuwa ndani, kichwa chini, mkanda umembana. Nilipiga mbizi nikaukata. Alikwisha kufa.

Kesho yake nikasoma nilichopaswa kusoma mapema: maji yakitulia kabisa, rubani haoni yanapoanzia. Anahitaji kitu kinachoelea juu ya maji, boya au povu la boti, apimie kimo. Wachunguzi walipokuja nilikuwa nimeshajua. Nikajibu tu kwamba njia ilikuwa safi. Wakanishukuru. Mtaani nikaitwa jasiri, na kila nilipoitwa hivyo nilibadili njia.

Mjane wa rubani alikuwa kwenye eda, hatoki. Nilikwenda kumwona. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanikalisha kitandani kando yake. Akanieleza kwamba mashemeji zake wanasema marehemu alizembea, labda alisinzia, na yeye hana la kuwajibu.

“Wewe ulimwona, mdogo wangu. Alizembea?”

Dirisha lilikuwa limefungwa. Nilitamani mtu aingie, yeyote.

“Hapana, dada. Mimi niliondoa maboya.”

Nikamweleza yote. Akaukunja na kuukunjua upindo wa kanga yake.

“Mimi siwezi kutoka humu,” akasema. “Mashemeji wako barazani. Nenda ukawaambie wewe.”

Nikatoka. Wakanipisha nikae, nikabaki nimesimama. Maneno niliyoyapanga wiki nzima yalinipotea, nikaanzia katikati, kwenye maboya.