Samaki Mnene wa Afande

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Enzi za utawala wa jeshi nilikuwa mpishi wa afande mmoja hapa Kasese. Sebuleni, chini ya picha ya Rais, alifuga samaki ndani ya tangi la kioo, na mmoja mnene aliwauma wenzake hadi kuwaua. Asubuhi moja nikamwita mke wangu kwa hasira: "Huyu mukubwa ni muuaji! Tumutoe leo, atamaliza wote!"

"Mukubwa gani hiyo?" Afande alikuwa mlangoni na askari wake.

Nikanyoosha kidole kwenye tangi, lakini wao wakatazama picha iliyokuwa juu yake.

"Ni samaki, afande!" mke wangu alilia.

Walicheka sana. Mimi nilikuwa nimeshajikojolea, na mke wangu alikuwa ameona.