Neno Alilolisema Jeneza Likipita

Mtu aliyenigongea gari alinidanganya mbele ya jeneza, na hilo sijalimeza mpaka leo. Gari lilitengenezwa. Uongo wake bado umenikaa kooni.

Ilikuwa asubuhi, natoka Tchomia, kule ziwani, na samaki nyuma ya gari, wamefunikwa barafu. Mimi ni mjane na nauza samaki sokoni Bunia. Lile gari kuukuu ndilo lililolisha nyumba yangu na kuwalipia watoto shule. Likilala siku moja, na sisi tunalala njaa. Nilikuwa naingia mjini polepole kwenye bulevari, niko upande wangu, jeep nyeupe ikachomoka kwenye kituo cha mafuta bila kutazama kushoto wala kulia. Ikanipiga kwa mbele. Gurudumu likapinda, maji ya radiata yakamwagika barabarani.

Dereva akashuka, mwanaume mnene mwenye kofia ya ngozi, muuzaji wa mabati na saruji ambaye nusu ya mji inamjua kwa sura. Nilikuwa tayari kumrarua. Yeye akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

“Mama, pole sana. Kosa iko yangu, sikukuona.”

Kwetu magari yakigongana hayasogezwi mpaka polisi wa barabarani waje wapime na kuandika konsta, ile karatasi inayosema nani alikosa. Hata anayejifunza kuendesha anajua hivyo. Tuliwapigia simu tukasimama tukiwasubiri. Kabla hawajafika tukasikia nyimbo, na msafara wa mazishi ukatokea: pikapu iliyobeba jeneza mbele, vijana wenye matawi kwenye pikipiki, akina mama wamejaa kwenye lori nyuma. Magari yetu yalikuwa yameziba njia yote. Na kwetu pia, maiti haisimamishwi njiani.

“Mama, tutoshe mitokari,” yule bwana akasema, akinionyesha kwa mkono tuyaondoe magari njiani. “Siwezi kufungia mufu njia. Kwa asiransi mi mwenyewe nitasema kosa ni yangu. Ona, naapa, na maiti iko inapita.”

Nilimwamini, maana sikuwahi kusikia mtu wa Bunia akiapa uongo jeneza likiwa mbele ya macho yake. Wanaume wa pikipiki wakatusaidia kusukuma gari langu hadi mtaroni, yeye mwenyewe akaweka bega. Kisha akavua kofia na kuinama mpaka pikapu ikapita. Polisi walipofika walikuta barabara nyeupe, hakuna cha kupima. Wakaandika tu kwamba walifika, wakaondoka.

Kesho yake nilikwenda ofisi ya asiransi, yaani bima, kutoa taarifa. Yeye na mimi tulikuwa wateja wa kampuni ileile. Wangenilipa kama kosa ni lake. Kama kosa ni langu, gari langu lingeozea uani. Kijana wa dirishani, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, alinisikiliza huku akichezea kalamu.

“Ule baba alishakuya asubui,” akasema. “Anasema ni weye ulitoka mu mustari yako, ukamugonga. Konsta yako iko wapi?”

“Aliapa! Aliapa mbele ya maiti!”

“Mama, maiti haiwezi kusaini.”

Wenzake wakacheka. Nilitoka pale sina huzuni, nina hasira. Uongo wa kawaida ningeuelewa, watu wanadanganya kila siku ili kuokoa mali yao. Lakini huyu alimtumia marehemu wa watu kama turubai la kufunikia kosa lake, kisha akavua kofia! Nilijiambia kwamba atasema ukweli kwa kinywa chake, tena mbele ya wale waliocheka, hata kama nitamfuata mpaka kanisani kwake na kusimama mbele ya kwaya.

Nikaanza kuuliza sokoni ni nani alizikwa siku ile. Akina mama wa soko wanajua kila kilio cha mji. Walinielekeza mtaa wa Saio, kwa mama mzee aliyempoteza binti yake wa pekee. Nilichukua samaki wakubwa, maana huendi kwenye matanga mikono mitupu, nikakaa mkekani na wanawake wengine. Nililia nao kidogo. Sikuwa nimekwenda kulia, ila machozi ya hasira nayo ni maji.

Mama mzee aliponishukuru kwa samaki, nikamweleza yote. Alinisikiliza ameinamisha kichwa. Ndiye aliyekaa mbele kwenye pikapu siku ile.

“Ni ule wa kofia?” akauliza. “Mwenye aliinama?”

“Ndiye, mama.”

Akajifunga upya kitambaa chake cha kilio. Kisha akasema, “Siku utaenda kule, ukuye kunitwala, twende wote.”

Nilidai kijana wa asiransi atuite sote pamoja, na kwa kuchoshwa na kelele zangu akakubali. Muuza mabati alifika anatabasamu, ananukia manukato. Alinisalimia kama watu tuliotoka misa pamoja. Kisha akaingia mama mzee, kitambaa cha kilio kichwani, akakaa kwenye kiti kilichomwelekea yule bwana.

“Baba, unanijua?”

“Hapana, mama.”

“Mi nilikuwa mu pikapu ya mbele, na mutoto yangu nyuma yangu mu sanduku. Nilikuona unasukuma mutokari ya huyu mama, unatosha kofia, unainama. Watu wengi walitupita siku ile bila kutuangalia. Mu ile maumivu yote nikasema, Mungu, bariki ule baba, na watoto yake, na kazi yake.” Akavuta pumzi. “Kumbe ulikuwa unaficha uongo yako nyuma ya mutoto yangu. Basi, leo nimekuya kutosha ile baraka. Natosha yote.”

Yule bwana alijaribu kucheka. Akatazama kulia na kushoto kutafuta wa kucheka naye, na safari hii hata kijana wa shati alikuwa anatazama meza. Mzazi ambaye hajamaliza kilio akiondoa baraka yake, neno hilo si la kuchezea. Jasho likaanza kumtoka chini ya kofia.

“Mama, usiseme vile. Kosa ni yangu. Mi ndiye nilimugonga.” Akamgeukia kijana. “Andika. Andika nasaini.”

Akasaini. Mimi nilifurahi, na sioni haya kuliandika: nilifurahi mpaka nikasikia njaa. Kisha akapiga goti mbele ya mama mzee.

“Nimesema yote. Unirudishie basi.”

“Mi sina maneno ya mitokari,” mama mzee akajibu akijiinua. “Mwenye ulimukosea ni huyu mama. Siku atakuya kuniambia amekusamehe, nitakurudishia.”

Niliendesha tena baada ya muda mfupi, na samaki wakarudi mezani kwangu. Yeye, tangu siku ile, kila baya linalompata anasema limetokana na ile baraka iliyoondolewa. Lori lake lilikwama kwenye matope ya njia ya Mambasa, ambako malori ya kila mtu hukwama, lakini yeye alikuja kunisimulia kama vile mimi ndiye niliyeleta mvua.

Bado anakuja sokoni. Anachagua samaki mkubwa kuliko wote, haombi nipunguze bei, kisha anabaki amesimama na kofia mkononi.

“Mama, ulishaenda kwa ule mama muzee?”

“Bado, baba.”

Namfungia samaki wake vizuri, namrudishia chenji, na kumuuliza mteja aliye nyuma yake anataka nini.