Mota ya ndege ya kuchezea yalinda mtama Machochwe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kundi la kwanza la ndege linatokea upande wa hifadhi na kushuka juu ya mtama wa Scholastica Sospeter, hapa Machochwe wilayani Serengeti. Kwenye kichanja katikati ya shamba, kitu chenye ukubwa wa kiberiti kinalia "zii!", kimkono chake kinavuta kamba, na makopo yenye kokoto yanapiga kelele hadi ukingoni. Ndege wanaruka. Hakuna binadamu aliyenyanyua kidole.

"Vuta, mura!" anashangilia Scholastica (62), kwa neno ambalo Wakurya humwitia kijana wa kiume.

Mura huyu ni sevo, mota ndogo inayogeuza mabawa ya ndege za kuchezea zinazoendeshwa kwa rimoti. Aliyeifunga ni binti wa Scholastica, Boke Nelson (34), fundi simu na redio wa Morotonga, karibu na mji wa Mugumu. Nisiwafiche, nilikwenda nikidhani nitaona mchezo wa watoto.

Kwa Boke si mchezo. Bega la kulia la mama yake, lililovuta kamba hizi msimu baada ya msimu, sasa halipandi. Mwaka jana ndege waliwaachia magunia mawili, katika shamba lililowahi kutoa saba. Mama alishatamka: mtama ukiliwa tena, hapandi tena, shamba atalikodisha.

"Mama bila shamba atakaa nyumbani afanye nini? Ataugua tu," anasema Boke.

Sevo nne alizipata kwa Vedasto, mpishi wa kambi moja ya watalii kule Natta, ndani ya ndege ya kuchezea iliyovunjika na kutupwa. Zimeandikwa mwisho volti sita. Kwa volti hizo makopo ya karibu yalitikisika, ya mbali yakalala. Boke akaunga seli mbili za betri ya kompyuta mbovu. Zikiwa zimejaa zilitoa zaidi ya volti nane.

"Ilivuta kama ng'ombe wa jembe! Nikapiga vigelegele. Halafu nikaona moshi," anasema, akijicheka.

Hiyo ikaungua. Sevo ya pili aliiwekea njiani daiodi mbili, vijipande vinavyopunguza umeme, volti zikashuka hadi karibu saba. Bado zilizidi kiwango, na mota ikachemka hadi haishikiki. Mama, aliyekuwa akiitazama tu, ndiye aliyeona tatizo.

"Inavuta inashikilia," alimwambia. "Mimi kamba hii sijawahi kuishikilia. Unavuta, unaachia. Ukishikilia, mkono unakufa na ndege wanakuzoea."

Boke akapanga upya kisaketi kinachoiamuru kila baada ya muda mfupi: ivute mara moja, iachie, ipumzike. Kati ya kimkono na kamba akafunga mpira wa tyubu ya baiskeli, ili kamba ikinasa mota isiing'ang'anie. Nimeigusa, ina uvuguvugu tu. Anajua volti hizo zitaifupishia maisha.

"Ikinifikisha mavuno imemaliza kazi yake. Nyingine mbili ninazo."

Hata hivyo Scholastica hakumwachia shamba lote. Mura alipewa nusu ya chini. Ya juu aliendelea kuilinda mwenyewe, kwa mkono wa kushoto na kamba yake ya zamani.

"Fundi ni mwanangu, lakini ugali ni wangu," aliniambia.

Ndege walipotulia, nilimfuata akikagua. Nusu ya juu masuke mengi yalikuwa yamedonolewa upande mmoja. Nusu ya chini alishika suke moja, akashika jingine, akafikicha punje kiganjani. Yalikuwa yamejaa. Boke alisimama mikono nyuma, kama fundi anayesubiri mteja awashe redio yake.

Mama alikung'uta kiganja. Alipanda hadi nusu ya juu, akafungua kamba yake kwenye mti, akaiburuta na makopo yake yote hadi miguuni kwa binti yake.

"Funga na hii."

Boke aliipokea kwa mikono miwili. Uso wote ulikuwa meno, na mimi niliyekuja kutazama mchezo nilijikuta natabasamu naye. Kesho, alisema, analeta sevo nyingine kwa ajili ya nusu ya juu.

Scholastica alikuwa ameshaanza kuelekea nyumbani, bega lake la kulia limetulia. Alisimama, akageuka.

"Boke! Hayo masuke makubwa ya huku chini usiyachanganye na mengine. Ndiyo mbegu yetu ya mwakani."