Kilio Kisicho na Maiti

Turubai likikaa juani hutoa harufu ya plastiki iliyochoka na vumbi la zamani. Juzi nilikunjua moja, na harufu hiyo ikanirudisha Manika, mtaa wetu wa Kolwezi, mbele ya nyumba yetu, siku tulipofanya mkutano wa kwanza wa wapenzi wa hadithi za kisayansi katika nchi yetu ya shaba. Msinicheke. Leo mkutano huo hujaza ukumbi, lakini ulianza kwa viti vya kuazima.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Yaya Ngalula, dada yangu mkubwa, alikuwa na kumi na saba na kichwa kigumu kuliko changu. Tuliandika hadithi za vyombo vya angani na sayari ngeni kwenye madaftari, tukawapa madereva wa malori wayafikishe mji wa Fungurume, kwa vijana sita wenye ugonjwa wa hadithi kama wetu. Nao walituletea ya kwao, yakinuka dizeli, yana alama za vidole kila ukurasa. Nadhani madereva nao walikuwa wakisoma. Hatukuwa tumeonana hata mara moja. Ndipo wakaandika kwamba wanakuja, na Kolwezi tukishindwa kuwapokea, mambo ya madaftari yaishe.

Ukumbi wa parokia tulinyimwa, kwaya ilikuwa na mazoezi.

"Tutafanya hapa hapa ku nyumba," Yaya alisema. "Hata mvula inyeshe."

Akaazima turubai na viti vya plastiki, tukavipanga asubuhi mapema. Ili wageni wasipotee, nikakata matawi mabichi na kuyatandaza barabarani hadi mlangoni kwetu. Nilijiona fundi.

Nyinyi mnaotoka kwetu mmeshajua. Turubai, viti, matawi barabarani: hiyo ni nyumba iliyofiwa. Kabla wageni hawajafika, akina mama wa mtaa walianza kuingia wakilia, wamebeba makala ya kuwashia moto na mboga, kama mtu anavyokwenda kwenye kilio. Aliyetangulia alikuwa jirani yetu Mama Kapinga, ambaye mwanawe alifukiwa ndani ya mashimo ya wachimbaji wa madini kule Kasulo na hakupatikana. Alikuwa na beseni la unga kichwani.

"Ni nani alikufa?" aliuliza, machozi yakimtoka.

"Hakuna mutu alikufa, mama," Yaya alijibu. "Ni mukutano ya hadisi."

Nilitamani ardhi inimeze. Baba alikuwa kazini, Mama sokoni, wa kututetea hakuna. Na ndipo pikipiki zikasimama, vijana wa Fungurume wakashuka, wakaona wanawake wenye machozi, wakavua kofia na kuanza kutupa pole! Walipoelezwa, mmoja alinong'ona kwamba afadhali warudi. Yaya hakutaka kusikia.

"Mbuyi, soma," akaniambia, akanisukuma mbele.

Nikasoma. Hadithi yangu ilikuwa ya mchimbaji aliyeshuka shimoni Kasulo, akachimba na kuchimba, akatokea kwenye sayari nyingine, ambako wenyeji walimpa kiti na chakula. Iliishia hapo kwa sababu daftari lilikwisha.

Mama Kapinga alikuwa ameketi. Wengine walipomwona, nao wakaketi. Nilipomaliza, Mama Kapinga akauliza.

"Na ule mutu, alirudia ku nyumba?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikajibu la kwanza lililonijia, "Bado, mama. Eko mu njia."

Akafuta uso kwa kitenge. "Basi mwaka ya kuya nitarudia kusikia."

Kisha akawasha moto, akawasongea wageni bukari kwa unga ule ule alioleta kwa ajili ya maiti. Walikula wakashiba, wakasoma hadithi zao hadi jua likapoa, na madaftari hayakukoma.

Mwaka uliofuata alikuja, akauliza swali lile lile. Na mwaka mwingine tena. Nilidhani ameipenda hadithi yangu, nikavimba kichwa. Hadi nilipozaa mtoto wangu wa kwanza, nikimnyonyesha, ndipo nilipoelewa Mama Kapinga alikuwa akiuliza habari za nani. Nililia siku hiyo.

Tumewahi kukosa ukumbi, tumewahi kugombana kwenye komite hadi watu wakarushiana viti. Mwaka sijauruka hata mmoja, wala sitauruka. Mama Kapinga sasa haoni vizuri, huketi mstari wa mbele, na kila mara mimi hufungua mkutano kwa kumwambia mchimbaji amefika wapi.