Tabea na Gari Lisilonguruma

Wanaume wa ukoo walikaa kikao wakakubaliana kwamba Tabea Sumari asiende kununua gari peke yake. Mjane ataibiwa, walisema. Na tusifichane: aliyemwibia Tabea mpaka leo ni mtu mmoja tu, na huyo ndiye waliyemchagua amsindikize.

Ni Sifaeli, mdogo wa marehemu mumewe. Hata matanga hayajaisha alikwishachukua pikapu ya kaka yake, eti aitunze. Miaka imepita, pikapu inambebea yeye mchanga, na Tabea ndizi zake anazifikisha sokoni kwa kubembeleza lifti. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alinyamaza. Safari hii aliapa: gari atalichagua mwenyewe, ataliendesha mwenyewe, na ufunguo hautatoka mkononi mwake.

Kwenye yadi ya magari kule Kisongo, muuzaji, kijana aitwaye Brian, aliwaamkia kwa adabu zote, kisha akamkabidhi Sifaeli ufunguo. Naye, bila haya, akaupokea.

"Mwanangu, mnunuzi ni mimi," Tabea akasema, akaunyakua.

Gari lilikuwa la juu, la kijivu, lenye injini ya petroli na betri kubwa inayochajiwa nyumbani kwa waya, kama simu. Brian alipendekeza wazunguke hapo karibu na uwanja wa ndege, lami tupu, warudi.

"Kwani mimi naishi uwanja wa ndege?" Tabea akauliza. "Naishi Akeri, mlimani. Tutalijaribu huko huko."

Sifaeli akacheka. "Shemeji, leseni yenyewe umeipata juzi. Kile kilima kimewashinda madereva."

"Basi leo kitanijua."

Wakavuka mji, Brian nyuma, Sifaeli mbele akitoa amri: punguza, kanyaga, mpishe huyo. Walipoiacha lami na kuanza kupanda kati ya migomba, Brian akamwonyesha Tabea kitufe cha kutumia betri. Akabonyeza. Ngurumo ikakatika, gari likaendelea kupanda vilevile, taratibu.

Katikati ya kilima akatokea mama mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Tabea akasimama ampishe. Kimya.

Sasa, mtu aliyekulia mlimani anajua maana ya gari kunyamaza kilimani. Limezima, na muda si mrefu litarudi kinyumenyume hadi mtaroni. Huku kwetu mikono hutafuta jiwe kabla akili haijauliza swali. Sifaeli akafungua mlango akaruka.

"Limezima! Shukeni!" Akabeba jiwe kubwa, akalisukumia nyuma ya tairi, suruali ya Jumapili ikaloa tope.

"Halijazima, mzee," Brian akasema. "Ni betri hiyo."

"Gari zima linanguruma! Kwa niaba ya ukoo, nimelikataa. Shemeji, shuka, lete funguo."

Mkono ulikuwa umenyooshwa dirishani, umejaa tope, unangoja kupewa. Tabea aliutazama, na hasira ya miaka yote ikampanda. Zamani angempa. Leo hakuogopa hata chembe, akashangaa mwenyewe.

"Debe tupu ndilo linalovuma, shemeji," akasema, akakanyaga.

Gari likapanda. Jiwe likabaki barabarani, na mwenye jiwe naye.

Tabea alifika mpaka getini kwake, akageuza mbele ya mibuni yake. Alicheka hadi machozi yakamtoka. Brian, aliyehamia kiti cha mbele, akacheka pia. Wakaanza kushuka, kimya kimya.

Pale chini Sifaeli alikuwa amekusanya wapita njia, mgongo wake ukielekea kilimani. "Limemshinda huko juu," alikuwa anawaambia. "Mwanamke na gari, wapi na wapi! Nitalichukua mimi, niliweke kwangu." Watu waliliona gari likija nyuma yake, polepole, bila sauti. Hakuna aliyemwambia.

Tabea alisimama karibu yake kabisa, akapiga honi. Sifaeli akarukia mtaroni.

"Hili nimelinunua, shemeji," Tabea akasema, mikono yote miwili kwenye usukani. "Kama unarudi mjini, panda nyuma."

Watu wakamtazama. Sifaeli akajifuta tope, akafungua mlango wa nyuma, akapanda.