So ya Selestina

Selestina wa Nyasho anauza sato asubuhi, jioni anapiga piano ya kanisa letu, na hajawahi kupewa hata kipande cha sabuni. Alijifunzaga mwenyewe, miaka ile tunapanga foleni ya sukari. Alisikia dansi redioni, wimbo ukaishia kwa sauti laini kama mtu aliyeshiba, akakimbilia piano kuitafuta. Akaipata: do, mi, so, halafu la juu ya so, zote nne kwa pamoja.

"Do-mi-so imesimama wima," alituambia wanakwaya. "Ukiiongezea la, inakaa chini inapumzika."

Siku hizi biashara imefunguliwa, kila mwenye hela ana redio kaseti. Bernado, mwenyekiti wa kwaya, alinunua yake kwa hela ya sangara. Wiki ya harusi ya Miriamu, mwimbaji wetu wa sauti ya kwanza, Bernado akatutangazia mazoezini:

"Selestina apumzike. Piano yake inalia msiba. Jumamosi tutapiga kanda."

Apumzike! Kama vile ni yeye aliyemwajiri.

"Msiba?" Selestina akauliza. "Sikiliza, baba." Akabonyeza do, mi, so, la. Kweli, ikatoka huzuni tupu. "So ya hapa katikati haitoi sauti, ya chini inakoroma. Bila so zinabaki do, mi na la, na hizo tatu peke yao ndizo zinazolia. Nimekwambia tangu Kwaresma."

"Piano imezeeka, mama. Kubali."

Hapo Marcelina, mke wa Bernado, uvumilivu ukamwisha.

"Imezeeka nini, Baba Clementi? Si wewe uling'oa nyaya zake ukafungia ndoano? Nyumbani unajisifu sangara hawazikati!"

Nilikuwa na kitabu cha nyimbo mkononi, kidogo nimrushie. Mtu anaiba kanisani, halafu anasimama mbele yetu kumhukumu aliyeibiwa!

"Nilichukua chache tu," Bernado akasema. "Zilikuwa hazina kazi."

"Zilikuwa zinaimba!" Selestina akafoka. "Uninyang'anye noti, halafu unifukuze kwa sababu noti haipo? Njoo. Simama hapa. Nikibonyeza, wewe imba so."

"Mimi ni mwenyekiti..."

"So!"

Akaimba. Piano ikatoa do, mi, la, yeye akajaza pengo, na ile sauti iliyoshiba ikarudi kamili. Tukatazamana. Bernado akataka kwenda kukaa.

"Unaenda wapi?" Miriamu akamwuliza. "Harusi ni yangu. Kanda sitaki. Nataka piano, na wewe ukiwa palepale."

Jumamosi alisimama ubavuni mwa piano, amevaa suti, jasho linamtiririka, anaimba noti moja kila akinyooshewa kidole. Wimbo wa tatu akachoka, sauti ikaanza kushukia fa. Selestina akasimamisha kwaya nzima, maharusi wamesimama, wageni wa Bunda wanatazama.

"Mwenyekiti," akasema, "panda. Tunakusubiri."

Akapanda.