Kitone Chekundu Ndani ya Kompyuta ya Mama Chapa

Saa mbili asubuhi ya Jumamosi, kompyuta ya Mama Chapa iko wazi mezani. Kava la ubavuni limeegemezwa ukutani, skrubu zake nne zimewekwa kwenye kisosi zisipotee, na mwenyewe ameinama juu ya boksi, anafagia vumbi kwa brashi ya kupakia rangi.

"Vumbi la hapa lina bidii kuliko mimi," anamwambia mwandishi wa gazeti hili, aliyeketi kitandani. "Nalifukuza Jumamosi, Jumatatu limesharipoti kazini."

Jina hilo tumempa sisi kwa sababu ya kazi yake. Ana miaka hamsini na minne, na riziki yake ni kuwapigia watu chapa: barua za maombi, tasnifu za wanafunzi, miswada iliyoandikwa kwa mkono usiosomeka. Chumba anachofanyia kazi ndicho anacholala. Kati ya kitanda na meza pamebaki nafasi ya stuli moja.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, ya miaka kumi na mitatu. Feni ya kuipoza ilikufa, akaweka nyingine iliyotolewa kwenye mashine mbovu. Betri ndogo ya saa ameshaibadilisha mara mbili. Mwaka huu ametoa diski ya zamani iliyokuwa ikikoroma, akaweka ya kisasa isiyozunguka. Yote hayo kafanya kwa mkono wake, kwa bisibisi moja na video za kwenye simu.

Aliipata ofisini alikokuwa katibu muhtasi kwa miaka kumi na tisa. Walipopunguza wafanyakazi walimwita, wakamshukuru, wakampa mashine iliyokuwa imekwisha kuandikwa kuwa chakavu.

"Kiinua mgongo changu ndicho hicho," anasema, akiligonga boksi kwa kidole. "Kina kilo nane. Ukikiinua vibaya, mgongo ndio unaovunjika."

Anacheka peke yake. Kisha anaendelea kufagia.

Hodi inapigwa. Anayeingia ni mdogo wake wa kiume, wa kumfuata ziwa, ambaye ni fundi wa kompyuta mwenye kibanda cha mtu mmoja karibu na stendi. Huja kila Jumamosi kula kwa dada yake. Anamsalimu kwa heshima, anamkaribia na kuchungulia ndani ya boksi.

"Dada, hii mashine bado inavuta tu?"

"Inavuta, mdogo wangu."

"Ile memori niliyokutafutia imekufaa, eti?"

"Imenifaa sana," anajibu Mama Chapa. "Kaa ule."

Anapakua. Kaka anakula, anasifu mchuzi, anaomba maji. Anasema anawahi mteja, anaaga. Dada anamsindikiza mpaka mlangoni, anarudi, anaketi kwenye stuli. Uso umebadilika.

"Umemwona?" anamuuliza mwandishi. "Sasa nikusimulie."

Ofisini kwao mafundi wa nje walikuwa wakifungua mashine na kunyofoa vifaa. Mama Chapa ndiye aliyetunza orodha ya mali, na lawama zilimwangukia. Akaamua kuweka alama kila kifaa cha ndani: kitone kimoja cha rangi nyekundu ya kucha, pembeni kabisa, na namba ya mashine kwa kalamu isiyofutika. Yake ilikuwa namba saba. Alipoondoka nayo, alama zake zilitoka nayo.

Miaka minne iliyopita aliipeleka kwa mdogo wake ikasafishwe. Ilirudi inang'aa nje, lakini ndani imekuwa goigoi. Ukurasa ulichukua muda kufunguka, maandishi yaliganda katikati ya sentensi. Aliporudi kumuuliza, kaka alimshika bega.

"Akaniambia, 'Imezeeka, dada. Hata sisi tunazeeka.' Nikamwamini. Nisipomwamini ndugu yangu, nimwamini nani?"

Kurasa arobaini alizozoea kumaliza kwa siku zikashuka hadi kumi na tano. Mchapishaji aliyekuwa akimpa miswada akampa mtu mwingine. Mwanafunzi mmoja alishinda naye kutwa nzima mashine ikiganda, akachukua karatasi zake akaondoka bila kuaga.

"Miaka miwili niliomba watu radhi," anasema. "Nilidhani ni vidole vyangu. Nilikwenda hadi kupima macho."

Ni kaka huyohuyo aliyempa ushauri: ongeza memori, kile kijiti cha ndani kinachoipa mashine kasi. Akamwambia aina ile imeadimika, ila kwa ajili yake atahangaika, na atampa bei ya ndugu. Mama Chapa alidunduliza miezi mitatu. Siku ya kukabidhiwa, kijiti kilikuwa ndani ya kifuko cha kung'aa, kimebandikwa lebo mpya.

Alikwenda nacho nyumbani akichomeke mwenyewe, kwani kulibeba boksi hadi stendi ni kazi. Akafungua kava. Nafasi za memori zilikuwa mbili. Moja ilikuwa na kijiti, nyingine tupu, na yeye alikumbuka wazi kwamba ofisini zote mbili zilijaa. Akakigeuza alichokinunua. Pembeni palikuwa na kitone chekundu, na chini ya lebo ikachungulia namba saba, kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Hakujua kile kitone ni nini. Labda alidhani ni cha kiwandani," anasema. "Vijiti vilikuwa viwili, akachukua kimoja. Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

Je, si mtu mwingine wa pale kibandani? Anatikisa kichwa. Kibanda chenyewe hakikai watu wawili.

Hakumwambia. Mama yao alikuwa kitandani, mgonjwa, na kila jioni alikuwa akiwasihi wasiachane. Walipomzika mwaka jana, kaka alilia begani kwake, naye akambembeleza. Machungu yale ameyameza mpaka leo, na anasema wazi kwamba hayajashuka.

"Naumia ninapompakulia. Naumia zaidi anaposema mchuzi mtamu."

Tangu siku ile mashine haijatoka chumbani. Sasa anapanga kuanza kwenda nyumba kwa nyumba, kusafisha na kutengeneza kompyuta za watu, mwenye mashine akiwa ameketi anatazama. Ndani ya mkoba wake kuna bisibisi, brashi na kichupa cha rangi ya kucha. Kila kifaa atakitia kitone mbele ya mwenyewe kabla hajagusa kingine. Wateja wawili wameshakubali.

Tunapomwuliza kwa nini ameamua kusimulia leo, anarudisha kava, anakaza skrubu moja moja, ya nne inamsumbua kidogo.

"Usiandike jina langu wala lake," anasema. "Yeye gazeti halimpiti, anasoma mpaka matangazo. Akifika kwenye rangi ya kucha, atajua."

Anabonyeza swichi. Mashine inaunguruma, kioo kinawaka. Jumamosi ijayo, anasema, atapika kama kawaida, sahani mbili.

"Akija, tutakula na tutazungumza. Asipokuja, nitajua amesoma."